Fuko Chini ya Mkeka

Simran alinipigia simu mchana, nikiwa nimelala chali chini ya pampu ya maji huko Isiolo, mafuta yakinidondokea shingoni. Mara ya mwisho kumsikia alikuwa msichana wa shule ya msingi, akituletea chapati uani zikiwa zimefunikwa kwa kitambaa. Hakupoteza muda kwa salamu. Alisema baba yake, Mzee Gurdial, amefariki, wameshamchoma kama ilivyo desturi yao ya Kisikh, na kinu cha kupasulia mbao kinauzwa. Ghala lilitakiwa kusafishwa kabla mnunuzi hajaingia. "Kuna ule mkeka," akasema. "Baba alisema mpewe wewe na Simiyu. Nyinyi wawili, si mmoja." Nikamwuliza kama alisema sababu. "Hakusema. Alisema tu mnaujua." Simu ilipokatika niliendelea kulala pale chini nikitazama bolti moja ambayo sikuwa nimeikaza, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nikausikia unyayo wangu wa kulia ukiwasha mahali pamoja, katikati, palipo na kishimo.

Nimeishi Lodwar, Maralal, Voi, Isiolo na miji mingine midogo ambayo majina yake nayachanganya. Nimefanya kazi ya pampu, ya redio, ya kuchimba visima, na msimu mmoja nilifuga nyuki, kwa sababu nilitaka kujua malkia anajulishwaje kwamba amezeeka. Wanaonifahamu husema nina miguu ya mtembezi, siwezi kuona mvua mbili nikiwa mahali pamoja. Mimi pia nilisema hivyo, tena kwa majivuno. Lakini kabla ya mwaka ninaoueleza hapa sikuwa mtu wa kuhama. Nilikuwa Kitale, nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nilidhani nitazeekea pale.

Shule niliiacha kidato cha pili. Mimi na walimu tulikuwa tumechokana. Mzee Gurdial alinipa kazi ya kupanga mbao na chumba nyuma ya kinu, chumba ambacho hata sasa naweza kukichora. Kitanda cha mabanzi, dirisha la upana wa kitabu, magazeti ya zamani yaliyobandikwa ukutani kuzuia baridi, ambayo niliyasoma yote, hata yale yaliyobandikwa kichwa chini. Vumbi la saipresi liliingia katika blanketi, katika nywele, katika chai. Ukuta mmoja tu wa mbao ulinitenga na ofisi ya mzee, na mbao zile zilikuwa zimekauka na kuachana, hivi kwamba mtu akikohoa kule ofisini nilijua ni nani. Jumamosi mke wa mzee alitupikia dengu. Siku nyingine tulikula kibandani kwa Mama Nekesa, ng'ambo ya barabara, ugali na mboga ya mrenda, na tulikula tukitazama uwanja, kwa kuwa nyuma ya kinu palikuwa na uwanja wa kriketi ambao baba yake Gurdial aliusawazisha kwa ng'ombe na gogo.

Kriketi niliingia kwa mlango wa maswali. Nilimwona mzee akirusha mpira jioni moja, nikamwuliza kwa nini unapinda hewani. Akanijibu. Nikamwuliza kwa nini haupindi ukiwa mpya kabisa pande zote. Akanijibu tena, kwa ufupi zaidi. Swali la tatu akanitupia mpira kifuani. "Rusha, ujijibu mwenyewe." Nilirusha mwaka mzima. Watu wakaanza kuniita Maswali, na kufikia mwaka ule nilikuwa mrushaji mwenye kasi kuliko wote pale, ingawa mara nyingi hata mimi sikujua mpira utaangukia wapi. Simiyu alijua. Alikuwa mnoaji wa misumeno pale kinuni, kijana wa Kiminini ambaye kwao hasa ni upande wa Bungoma. Kazi ile ni ya macho: jino moja la msumeno likiinama kidogo, mbao yote inaharibika. Macho yale yale aliyatumia akiwa na gongo la kupigia mpira mkononi. Alisimama akisubiri mpira kama mtu anayesubiri maji yachemke, bila haraka, kisha akaupeleka alikotaka. Tulikula sahani moja na kutumia sabuni moja. Aliponikuta asubuhi alisema, "Mulembe, Maswali. Leo unauliza nini?"

Uwanja wetu haukuwa na nyasi za kuchezea katikati. Palikuwa na ukanda wa murram, udongo mwekundu ulioshindiliwa, na juu yake tulitandika mkeka mzito wa nyuzi za nazi, tukauvuta kwa kamba na kuufunga kwa misumari mirefu ukingoni. Mpira uliangukia juu ya mkeka ule. Adui yetu alikuwa fuko. Kila mkulima wa Trans-Nzoia anamjua mnyama huyo asiye na macho ya maana, anayechimba usiku na kuinua udongo kama ngumi. Akiinua udongo chini ya mkeka, huoni kitu. Mkeka unaonekana umelala. Lakini mpira ukigonga pale, hauji tena kifuani kama unavyotarajiwa. Unaruka. Kwa hiyo Mzee Gurdial alikuwa na sheria, na sijaiona popote pengine: aliyefunga mkeka huvua viatu, hufumba macho, na hutembea juu yake taratibu kutoka mwisho hadi mwisho, hatua ishirini na mbili, kisha husema mbele ya wote, "Iko sawa." Au hasemi. Akishasema, hakuna anayekagua tena. Hata mzee mwenyewe hakukagua. "Mkeka ukishafunikwa, jicho halina kazi," alisema. "Ni mguu tu." Kazi hiyo ilikuwa yangu na Simiyu. Mitego ya fuko, ya fimbo iliyopindwa na kamba, ilikuwa ya Simiyu peke yake.

Wakati huo tulisema wilaya, leo watu wanasema kaunti, lakini uhasama ulikuwa huu huu: Kitale na Bungoma, mara moja kwa mwaka, mwaka huu kwao, mwaka ujao kwetu. Mwaka uliotangulia walikuwa wametupiga nyumbani kwetu, na wakiondoka mmoja wao akapaza sauti kutoka kwenye gari, "Kitale nyinyi limeni mahindi tu, bana! Hii ingine tuachieni!" Maneno hayo yalikaa mjini miezi kumi na miwili. Wauza mitumba waliyasema, makarani waliyasema. Kisha ikavuma kwamba safari hii mtu wa kiwanda kimoja cha sukari atakuja Bungoma kutazama, anatafuta wachezaji wawili wa kuajiri, kazi ya kudumu na nyumba yenye bomba la maji ndani. Simiyu alikuwa na mchumba. Hakusema mengi, lakini nilimwona siku moja akipima kwa hatua sakafu ya ghala kama anayepima vyumba, akaacha nilipoingia. Mimi sikutaka nyumba. Nilitaka kuona kiwanda, kuona miwa inageukaje kuwa kitu cheupe. Inanitia aibu kuandika kwamba kwangu ilikuwa hilo tu.

Wiki ile ya uteuzi mawingu yalishuka kutoka Mlima Elgon kila siku saa nane na kukaa juu ya mji bila kunyesha. Misumeno ilikatika miwili kwa siku moja. Mama Nekesa alikuwa akipakua, akasimama na mwiko mkononi. "Huu utulivu siupendi," akasema. "Mbwa wangu hataki kulala ndani."

"Mama, mbwa naye anajua kriketi?" Simiyu akamwuliza.

"Cheka tu. Mwaka huu hiyo mechi yenu itakula mtu."

Simiyu alicheka. Aligeuka kwangu akasema fuko wa msimu huu ni mmoja na amemshinda. "Anakula chambo, anaacha kamba. Ni kama ananiambia asante."

"Anatokea upande gani?"

"Sasa unamwuliza fuko ama unaniuliza mimi?"

Alhamisi, nikiwa nimejilaza chumbani, niliwasikia Mzee Gurdial na Kariuki, katibu wa klabu, upande wa pili wa mbao. Desturi ya mzee ilikuwa kuandika timu kwa penseli ya fundi kwenye ubao mmoja wa saipresi na kuuegemeza mlangoni, siku nane kabla ya mechi. Mechi ikiisha, ubao ulipigwa randa na kuuzwa kama mwingine wowote. Nyumba nyingi za Kitale zina dari ambazo mbao zake zilibeba majina yetu. Nilisikia penseli ikikwaruza, kisha ikasimama.

"Kumi nimeandika," mzee akasema. "Imebaki moja."

"Weka Maswali. Huyo anarusha kama mtu amedharauliwa."

"Simiyu anapiga vizuri kuliko hawa kumi."

"Mzee, Simiyu ni wa kwao. Akiangusha mpira mmoja kule Bungoma, watu watasema ameuza mechi. Si mimi nitasema. Ni watu."

"Wewe ndiye watu, Kariuki."

Nilihesabu misumari ukutani. "Jumamosi asubuhi wakutane," mzee akasema mwishowe. "Maswali arushe, Simiyu apige, ova mbili, mipira sita sita. Atakayemshinda mwenzake ndiye naandika. Na usiwaambie. Nataka wacheze kama siku zote."

Jioni ile Simiyu alinigawia nusu ya samaki wake. Nilimtazama akichambua miiba. Nilikuwa najua na yeye hajui, na jambo lile lilikaa mdomoni mwangu na chakula. Hata leo nikijaribu kupata mahali hasa nilipokosea, narudi kwenye samaki yule kabla ya kufika kwenye mkeka.

Jumamosi ilikuwa zamu yetu wote wawili, lakini msumeno mkubwa ulihitaji kunolewa kabla ya mteja wa saa nne, kwa hiyo Simiyu alibaki kinuni na tupa yake, nikafunga mkeka peke yangu. Wengine walikuwa wameshafika, wanakunywa chai kwenye vikombe vya bati. Nilivua viatu. Nilifumba macho nikaanza kutembea kutoka upande wa kinu, mahali ambapo mpigaji angesimama. Moja, mbili, tatu. Nyuzi za nazi huchoma kidogo unyayo, halafu unazizoea. Hatua ya saba mguu wangu wa kulia ulikanyaga kitu. Hakikuwa kikubwa, labda kama nusu ya yai, udongo uliopandishwa usiku ule ule, bado una ulaini wake. Nilisimama. Pumzi moja, mbili. Nilijua kinachotakiwa: kung'oa misumari, kukunja mkeka nusu, kusawazisha, kumwagilia, kushindilia, kungoja. Saa nzima. Na nilijua kitu kingine, kwamba hatua ya saba ndipo mpira mzuri wa kasi huangukia. Nimejiambia miaka hii yote kwamba sikufikiria ubao wala Bungoma. Kwamba nilichofikiria ni swali tu, swali langu la kawaida: mpira ukigonga hapo, utafanya nini? Huenda ni kweli. Lakini ikiwa ni kweli, haipunguzi kitu. Niliendelea kutembea hadi mwisho, nikafumbua macho.

"Iko sawa," nikasema.

Simiyu alikuja akipangusa mikono, vumbi la chuma likimeremeta kwenye vidole. Klabu ilikuwa na helmeti moja, kubwa, ilimzunguka kichwani kama sufuria. Aliivaa, akaivua, akaiweka chini. Ova ya kwanza alinimaliza. Mipira miwili aliipeleka ndani ya mahindi ya jirani, na Kariuki mwenyewe akashindwa kujizuia. "Maswali leo amejibiwa!" akapiga kelele, na wote wakacheka, hata mzee. Wingu lilikuwa limefika juu ya kinu mapema kuliko siku nyingine. Ova ya pili nilirusha mitatu mbali na hatua ya saba, na nataka msomaji ajue kwamba mitatu ile niliikwepesha kusudi, yaani nilikuwa na muda wa kuacha. Wa nne Simiyu aliupiga bila hata kusogeza mguu, akaniambia kwa upole, "Maswali, bana, umechoka." Wa tano nilikimbia kutoka mbali zaidi. Mimi ambaye sikuwahi kujua mpira wangu utaangukia wapi, huo nilijua. Uligonga mkeka, na badala ya kuja kifuani, ukapanda wima kama ndege aliyeshtuliwa majanini. Sauti haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu amevunja gunzi la mahindi kwa goti. Simiyu hakupiga kelele. Alikaa chini, akaweka gongo kando yake vizuri, sambamba na mkeka, kisha akafunika jicho la kushoto kwa mikono miwili.

Walipompeleka hospitali kwa gari la Kariuki, Mzee Gurdial alirudi uwanjani. Aling'oa misumari yeye mwenyewe, akakunja mkeka, akapiga magoti kwenye hatua ya saba. Alikibomoa kichuguu kile kwa kidole. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, viatu bado mkononi.

"Ulitembea?"

"Nilitembea, Mzee."

"Ulifumba macho?"

"Nilifumba."

Hakugeuka. Nilimwona mgongo tu, na kilemba chake chenye vumbi la mbao. Alasiri ubao ulikuwa mlangoni. Jina langu lilikuwa la mwisho, na penseli ilikuwa imebonyezwa hadi ikachana mbao.

Bungoma tulienda kwa lori la mzee, tumekaa juu ya mbao. Uwanja wao ulikuwa karibu na reli, na watu walishajipanga wakitungoja. "Kitale, magunia yako wapi?" walituuliza. "Ama mahindi haijakauka?" Mwanamume mwenye kofia pana na daftari alinifuata nilipokuwa nikifunga kamba za viatu. Alikuwa mtu wa kiwanda cha sukari. "Samahani kijana," akasema, "yule Simiyu wa Kiminini ni yupi? Nimekuja kwa ajili yake." Nilimwambia hayupo. Akauliza kwa nini, na mimi, Maswali, nikaendelea kufunga kamba. Nilirusha ova nne siku ile. Hakuna mpira hata mmoja niliofanikiwa kuuangusha hatua ya saba, mkono ulikataa. Ilinifika kifuani kila nilipokimbia, ile sauti ya gunzi. Tulishindwa kabla ya saa kumi, na mvua iliyokuwa imekataa wiki nzima ikanyesha tukiwa njiani, hakuna aliyeimba.

Simiyu alirudi kutoka hospitali ya Eldoret baada ya majuma matatu, bandeji upande mmoja. Jicho lilikuwa limeondolewa. Alinikuta chumbani nimefungasha. "Mulembe, Maswali," akasema, akakaa kwenye kitanda changu. "Yule fuko alinishinda. Ningetega vizuri, haya yote hayangekuwa." Alisema hivyo, akaangalia mikono yake. Nilikuwa na nafasi. Mlango ulikuwa umefungwa, kinu kimezimwa, ofisini hapakuwa na mtu wa kusikia. Nilisema, "Usijilaumu." Ndiyo maneno niliyompa. Kesho yake niliondoka Kitale, na sikuacha kuondoka tangu siku hiyo.

Sasa nimerudi, nywele zimebaki pembeni tu. Simran alitufungulia ghala, mimi na Simiyu. Hatukukumbatiana, tulishikana mikono muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Misumeno Simiyu alishindwa kuinoa kwa jicho moja, alilima, amesomesha watoto wawili Chuo Kikuu cha Kibabii kwa mahindi yale yale tuliyochekwa nayo. Mkeka ulikuwa umekunjwa, una harufu ya panya na saipresi. Simiyu alisema utafaa kuanikia mahindi. Tukaupakia kwenye pikapu, tukaupeleka kwake Kiminini, na uani kwake, wajukuu wakitazama, tukautandika kama zamani: yeye kamba, mimi misumari. Aliuelekeza yeye. Aliusogeza mara mbili, kushoto kidogo, nyuma kidogo, kisha akaridhika. Magunia ya mahindi mabichi yalikuwa yamepangwa tayari ukutani.

Akasimama upande mmoja. "Tembea," akaniambia.

Nilicheka kwanza. Yeye hakucheka. Nilivua viatu, nikafumba macho, nikaanza. Nyuzi zilichoma, halafu nikazizoea. Hatua ya saba mguu wa kulia ukakanyaga.

Nilisikia kuku, nikasikia mtoto akinong'ona na kunyamazishwa. Sikufumbua macho. "Hapa pana fuko," nikasema. "Na siku ile palikuwa na fuko, Simiyu. Nilimkanyaga."

"Najua," akasema. "Nilikuwa mlangoni pa kinu na tupa mkononi. Nilikuona umesimama."

Nikageuka, nikamtazama, jicho lake moja na lile tundu lililofunikwa na kope. "Ulijua, na bado ukaja kupiga? Kwa nini?"

"Si ulisema iko sawa."

Aliinama akaanza kung'oa misumari ya upande wake, na alipofika katikati akaenda ukutani, akachukua jembe, akaniletea.